Ahadi Iliyotiwa Wino: Barua za Mapenzi Bukoba na Muleba

Mwanzoni mwa mwaka 1934 mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway aliondoka Afrika Mashariki baada ya safari ya uwindaji Tanganyika, safari iliyokatizwa katikati alipougua kuhara damu na kupelekwa Nairobi kwa ndege kutibiwa. Akiwa njiani kurudi kwao, ndani ya meli ya Kifaransa Île de France, alikutana na Marlene Dietrich, mwigizaji wa filamu mzaliwa wa Berlin, ambaye wakati huo hakuna mpenda sinema asiyemjua. Urafiki wao ulidumu mpaka Hemingway alipofariki mwaka 1961. Barua 30 alizomwandikia Dietrich kati ya 1949 na 1959 zilifunguliwa kwa wasomaji mwaka 2007 katika Maktaba ya Rais Kennedy, Boston. Dietrich huyohuyo aliandikiwa barua nyingi, tena za mapenzi yasiyofichika, na Erich Maria Remarque, mwandishi wa Kijerumani aliyekutana naye Venice mwaka 1937. Za Remarque zimebaki na zimechapishwa. Zile ambazo Dietrich alimwandikia Remarque zimebaki chache mno. Wengi huzisoma barua za namna hii kutafuta joto la maneno. Kwa mtu wa historia liko swali lenye faida zaidi: nani alizitunza? Kwa Hemingway na kwa Remarque jibu ni lilelile. Alizitunza mwanamke, na kwa kuwa alizitunza, leo tunajua wanaume wale waliomba nini na waliahidi nini.

Swali hilo ndilo ninalolipeleka Bukoba na Muleba. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, meli za Reli ya Kenya na Uganda, Usoga na Rusinga zikiwamo, zilikuwa zikizunguka bandari za Ziwa Viktoria. Gati la Bukoba lilikuwa mlango: kahawa ikitoka, nguo zikiingia, vijana na wanawake wakielekea Kampala na Kisumu, wengine wakiendelea kwa reli mpaka Nairobi, na mifuko ya posta ikienda na kurudi pamoja nao. Ndani ya mifuko ile zilikuwamo barua za watu waliopendana, watu ambao hakuna aliyewahi kuwapiga picha ya filamu. Historia ya Buhaya, yaani nchi ya Wahaya, tuliyozoea kuisoma ni ya wakama (watawala wao wa jadi), wamisionari, kahawa na vyama. Barua hizi zikitajwa, hutajwa kama kielelezo cha jinsi vijana walivyoharibika. Mimi naona kinyume. Barua ya mapenzi haikuja kuvunja uchumba wa Kihaya kwa maneno matamu, maana maneno matamu yalikuwepo siku zote. Kipya ilichokileta ni ushahidi. Iliiweka ahadi ya mwanamume juu ya kitu ambacho mwanamke aliweza kukishika, kukificha na, siku ikifika, kukitoa mbele za watu. Hilo ndilo lililowakera wazee, na ndilo lililoufanya ukoo hatimaye uichukue barua yenyewe na kuiweka chini ya mamlaka yake.

Watakaopinga huanza na hoja ya ugeni: kwamba kuandikiana mapenzi ni tabia ya Kizungu iliyoletwa na shule. Shule kweli zililetwa. Emin Pasha alianzisha boma la Bukoba mwaka 1890 kwa niaba ya Wajerumani, na miaka miwili baadaye Mapadri Weupe wakafungua misheni Kashozi. Mwaka 1904 seminari ya Rubya ilianza Ihangiro, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, na ndiko alikosoma Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel walifika mwaka 1910. Lakini tazama vizuri mpangilio wa mambo upande wa Waprotestanti: Bethel walipofika waliwakuta tayari Wahaya waliojifunza kusoma Buganda na kurudi nyumbani na vitabu vya Kiganda, wakisomeshana wao kwa wao bila mzungu yeyote kuwasimamia. Kusoma na kuandika kuliingia Buhaya kupitia njia za biashara, ujamaa na ukimbizi zilizokuwa zikiunganisha falme za ziwa kabla ya boma na kanisa. Mtu aliyeweza kusoma sala aliweza pia kumwandikia aliyemwacha ng'ambo. Kuiita barua ya mapenzi mgeni, halafu kuiacha barua ya deni, ya msiba au ya kesi ya shamba ipite kama mwenyeji, ni kuchagua unachotaka kukiona.

Tena haikuwa shule peke yake. Kahawa iliyouzwa kwa bei nzuri katika miaka ya 1920 iliingiza fedha taslimu vijijini, na fedha hizo zilipandisha mahari, zikalipa karo, zikanunua pia tiketi za meli. Mwanamume aliyekwenda Kampala kufanya kazi alimwacha mchumba au mke kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Na wanawake nao waliondoka. Wengine walikimbia ndoa zisizovumilika, wengine walikuwa wajane au waliachika bila kuzaa, na sheria ya ukoo haikuwaachia shamba. Watafiti walioandika juu ya mtaa wa Pumwani, Nairobi, katika miaka ya 1930, akiwamo Luise White, wamewaeleza wanawake hao kutoka Bukoba waliojipatia riziki kwa kuuza miili yao, na wengine, kama Marja-Liisa Swantz na Birgitta Larsson, wameonyesha walichofanya na fedha hizo: walituma nyumbani, walisomesha watoto wa ndugu zao, na waliporudi walinunua vibanja vyao wenyewe. Kibanja kilichonunuliwa kwa fedha ya mwanamke hakikuwa na mume wala kaka wa kukidai. Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi, na hapafanani sana na ugomvi wa maadili unaohubiriwa.

Bukoba Bahaya Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1924 na watu kama Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki, kilikuwa na mengi ya kupigania: elimu, kahawa, dhuluma za watawala. Baadaye vyama vya Wahaya waishio Kampala na Nairobi vilijitwisha na kazi nyingine, ya kuwasaka wanawake wa kwao mijini na kuwarudisha. Wanaume wa vyama hivyo, pamoja na watawala wa jadi, waliishinikiza serikali ya kikoloni iwazuie wanawake wasipande meli peke yao. Walikuwa ni wasomi, watu wa kalamu. Malalamiko yao yenyewe waliyapeleka kwa maandishi. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba walichukia maandishi kwa kuwa ni ugeni. Waliyapenda mno pale yalipowatumikia. Walichokiogopa ni mawasiliano yasiyopitia kwao: mwanamke anayejua kutoka kwa mwenzake aliyetangulia kwamba Kampala kuna chumba, au mchumba anayeitwa kwa barua aje bandarini siku fulani, baba akiwa hajaulizwa.

Ili kuelewa kwa nini karatasi iligeuza mizani, lazima kukumbuka ahadi ilivyokuwa kabla yake. Uchumba wa Kihaya ulifungwa mbele ya watu. Mshenga alikwenda na kurudi, wazee wa pande mbili wakakaa, rubisi ikanywewa, kahawa ya kutafuna ikapitishwa kwenye kikapu kidogo, mahari ikatajwa na kuhesabiwa. Likitokea la kutokea, waliokuwepo waliitwa kusema walichokiona. Utaratibu huu ulikuwa imara, na sina nia ya kuudharau. Lakini ulilinda makubaliano ya koo mbili tu. Neno lililosemwa kati ya kijana na msichana njiani kwenda kuteka maji halikuwa na shahidi. Kijana aliyesema "nitakuoa" na baadaye akakana, alikuwa amekana hewa. Msichana aliyepata mimba kwa ahadi ya namna hiyo alibaki na mimba, na ahadi haikuonekana mahali popote. Barua iliingia katika pengo hilohilo. Kwa mara ya kwanza, neno la faragha lilikuwa na mwili.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili umetoka Meru, Kenya. Mwanahistoria Lynn Thomas alipekua majalada ya mahakama za Kiafrika za Meru ya miaka ya 1960, akakuta ndani yake barua za mapenzi zilizowasilishwa kama vielelezo katika kesi za mimba za wasichana wa shule. Sheria ya mwaka 1959 ilikuwa imewapa akina mama wasioolewa haki ya kudai matunzo kutoka kwa baba wa mtoto. Ilifutwa mwaka 1969 baada ya kelele nyingi za wanaume. Katika muongo ule, msichana au baba yake alikuja mahakamani na barua mkononi. Mvulana aliyedai hamjui kabisa alisomewa mwandiko wake mwenyewe, na salamu zake, na jina la utani alilompa mpenzi wake. Wasichana walizitunza barua wakijua thamani yake, na wavulana wenye akili walijifunza kuandika kwa tahadhari au kusaini kwa majina ya bandia. Barua iliyoandikwa usiku kwa hamu ilisomwa asubuhi na hakimu kama mkataba.

Msomaji makini ataniuliza: Meru ni Meru, Bukoba ni Bukoba, kwa nini kesi za mlimani zihukumu watu wa ziwani? Haki yake kuuliza. Sheria ya matunzo ya Kenya haikuvuka mpaka, na mila za mimba za Wameru si za Wahaya. Lakini hoja haitegemei mila, inategemea mambo matatu yaliyokuwepo pande zote mbili: shule za misheni zilizofundisha wavulana na wasichana kuandika, fedha za kahawa zilizolipia shule hizo, na mahakama za wenyeji chini ya Waingereza ambazo kila mwaka ziliegemea zaidi maandishi. Kwa Buhaya, mila zenyewe ziligeuzwa kuwa maandishi mapema: mwaka 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walitoa kitabu kizima cha sheria za mila za Wahaya, na kutoka hapo hakimu wa baraza aliweza kufungua ukurasa badala ya kumwita mzee. Tanzania huru ikaongeza lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 69, inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia. Soma kifungu hicho kisha jiulize ahadi ya ndoa huthibitishwaje kama haikufanywa mbele ya wazee. Mchumba aliyeachwa akiwa na pete na sanduku lenye barua yuko mbali sana na yule mwenye kumbukumbu na machozi tu.

Sasa tuitazame barua yenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980 kijana wa Kamachumu au Kanyigo aliyekuwa kazini Mwanza au Dar es Salaam aliichana karatasi katikati ya daftari ili itoke mbili zilizoshikana, akapiga mstari wa pambizo kwa rula, juu kulia akaweka anwani: jina, kwa hisani ya shule au parokia, S.L.P. na mji. Ndipo maneno yakaanza kwa mtindo uliojulikana nchi nzima. Natumaini u mzima wa afya. Kama ndivyo, namshukuru Mungu. Mimi huku sijambo, wasiwasi wangu ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako. Baada ya hapo ndipo hasa alipokuwa na la kusema, na mara nyingi lilikuwa fupi: nitakuja Desemba, ngoja nikija tutakwenda kwa wazazi wako, usimsikilize fulani. Mwisho zilikuja salamu za ndugu mmoja mmoja kwa majina. Kwenye pembe alichora ua au moyo wenye mshale, akapaka poda ndani ya bahasha, na gundi ya bahasha akailamba mara mbili ili isifunguliwe njiani.

Kuna wanaocheka mtindo huo. Husema barua zote zilifanana, zilinakiliwa kutoka kwa rafiki aliyesifika kwa kalamu, kwa hiyo hazina mapenzi ya kweli wala thamani ya kihistoria. Hoja hii ina kasoro ya kudhani kwamba mtu hawezi kumaanisha maneno aliyoyapokea kwa wenzake. Buhaya ni nchi ya enanga, zeze la kulaza ambalo manju hupiga huku akisimulia habari za Mugasha, Rukiza na Kachwenyanja. Ni nchi ya majigambo ya kujisifu mbele ya mkama na kwenye harusi. Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera aliyeandika tasnifu juu ya tendi za enanga, ameonyesha kwamba fanani hutunga akitumia kauli zilizokwisha tungwa na waliomtangulia, na kwamba ubora wake upo katika namna anavyozipanga kwa ajili ya hadhira iliyo mbele yake. Hakuna anayesema manju ni mwongo kwa kuwa maneno yake yalikwisha kusikika. Tena kwa upande wa ushahidi, kufanana kwa barua ni faida. Pale penye mtindo uliozoeleka, sentensi moja iliyo nje ya mtindo huonekana mara moja, na ahadi yenye mwezi na jina la mahali ndiyo aina ya sentensi hiyo. Mpokeaji aliruka salamu na kuisoma hiyo kwanza. Hakimu naye angefanya vivyo hivyo.

Pingamizi lingine ni zito zaidi: wangapi walijua kusoma? Kwa sehemu kubwa ya ukoloni wasichana waliofika madarasa ya juu walikuwa wachache, na mtu anaweza kusema kwamba historia ya barua ni historia ya tabaka dogo la wenye shule. Ninalikubali kwa nusu. Wenye kuandika walikuwa wachache. Walioandikiwa na kusomewa walikuwa wengi. Kijana mmoja aliyefika darasa la sita alikuwa karani wa kitongoji kizima, akiwaandikia mama wa jirani, mjane na mke aliyeachwa, na kuwasomea majibu yalipokuja. Hili lilikuwa na gharama yake. Siri iliyosomwa na mtu wa tatu si siri tena, na mwanamke asiyejua kusoma alitegemea ukweli wa msomaji wake. Lakini kwa upande wa ushahidi, msomaji yule alikuwa ni shahidi wa ziada, tena asiye wa ukoo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote, pamoja na kampeni za elimu ya watu wazima, kundi la wasiojua kusoma lilipungua kwa kasi, na barua ikawa mali ya kila mtu kwa takriban miaka 30, mpaka simu za mkononi zilipofika.

Kwamba wazazi walijua barua ni hatari kunaonekana katika fasihi ya upande wa pili wa ziwa. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, baba anampiga binti yake Rosa vibaya kwa kosa la kuandikiwa barua na mvulana. Msichana hajafanya lolote. Karatasi tu imekutwa. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na waliolalamika walilalamikia yaliyompata Rosa baadaye. Kwangu mimi ukurasa wa barua ndio wenye kufikirisha zaidi, kwa sababu pale baba anaadhibu kumbukumbu ya jambo kuliko jambo lenyewe. Shule za bweni za wasichana nazo zilikuwa na desturi ya mwalimu au mtawa kufungua barua zinazoingia. Wavulana wakajifunza kuandika kana kwamba ni kaka au binamu. Ushahidi ukawa unafichwa ndani ya udugu wa uongo, na mwanahistoria wa leo anayekuta barua ya "kaka yako mpendwa" anapaswa kusita kidogo kabla ya kuiweka kwenye fungu la barua za familia.

Ila jibu kubwa la ukoo halikuwa kipigo. Lilikuwa ni kuichukua barua. Leo Bukoba na Muleba, kama ilivyo karibu Tanzania nzima, uchumba haufunguliwi bila barua ya posa. Huandikwa kwa adabu ya hali ya juu, kwa jina la baba wa kijana au la ukoo, huwekwa kwenye bahasha pamoja na kiasi cha fedha kisichotajwa ndani ya maandishi, na mshenga huipeleka nyumbani kwa msichana. Haisomwi palepale. Hupokelewa na mzee, hukaa siku kadhaa au wiki, baba wadogo na shangazi huitwa, na jibu hurudi kwa maandishi likiwa na orodha ya mahari na tarehe ya mazungumzo. Msichana huulizwa kama anamfahamu aliyeileta. Akisema ndiyo, kazi yake kwa siku hiyo imekwisha. Watu huiona desturi hii kama mila ya kale. Si ya kale hata kidogo kwa sura yake ya karatasi. Ni ya kale kwa watu wanaoishika. Mshenga ambaye zamani alibeba maneno kichwani sasa anabeba bahasha, na barua iliyokuwa imemkwepa mzee imerudishwa sebuleni kwake. Sisemi kwamba ni ujanja mbaya. Barua ya posa imewaokoa mabinti wengi na wanaume wa kupita, kwa sababu inamlazimu mwanamume kuweka jina la baba yake kwenye ahadi. Ninachosema ni kwamba hakuna anayejisumbua kukiteka chombo kisicho na nguvu.

Nguvu hiyo ya karatasi mkononi mwa mwanamke ilikuja kuonekana bila kificho Muleba, katika kesi isiyohusu mapenzi bali ardhi. Kashasha, ilikofunguliwa kesi hiyo, dunia inaijua kwa kicheko kilichowakumba wanafunzi wa shule ya bweni ya wasichana Januari 30, 1962, habari inayorudiwa mpaka imechosha. Wanasheria wanaijua kwa jambo kubwa zaidi. Agosti 24, 1988, mwanamke mzee aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000, kwa kuwa hakuwa na wa kumtunza. Siku iliyofuata mpwa wake alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, ya Wilaya ikakataa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, akaamua kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi na inakwenda kinyume na Katiba. Ukoo ulipewa miezi sita ya kuikomboa ardhi kwa bei ileile, kama ambavyo ingekuwa kwa mwanamume. Pasipo wosia ulioandikwa, mwanamke yule asingekuwa na ardhi ya kuuza. Baba yake alimpenda kwa maandishi. Sioni sababu ya kuutenga wosia huo na barua za mapenzi, kwa maana vyote viwili ni maneno ya mwanamume kwa mwanamke ambayo ukoo ulitaka yabaki mdomoni.

Barua zenyewe zinatoweka. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, watu walikimbia na watoto, wakaacha masanduku. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliua wenye barua wakiwa vijana, na ndugu waliobaki walizichoma wakiogopa majina yaliyomo. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba na kubomoa shule kongwe za Ihungo na Nyakato. Kisha ikaja simu, na ujumbe unaofutwa kwa kidole. Mulokozi alishiriki kuzichapisha katika kitabu barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958, na zimebaki kwa sababu ndugu yule alizitunza. Wanawake wa Bukoba na Muleba nao wametunza, chini ya kanga na vyeti vya ubatizo. Kama mama au bibi yako anazo, usizichome siku ya tanga. Mwombe ruhusa, ziba majina ya walio hai, tengeneza nakala, na uzipeleke kwenye parokia, chuo kikuu, au ofisi ya Nyaraka za Taifa ya Kanda ya Ziwa, Mwanza.